Kaka anaomba kibali cha usalama Marekani, sisi familia huku Nairobi tutamharibia?

DadaWaDonholm

Hamjambo wakuu. Niko na swali na naomba anayejua aongee, juu kwa nyumba hapa kila mtu amekuwa mtaalamu na hakuna anayejua kitu. Kaka yangu mkubwa yuko Virginia, alienda na grini kadi kitambo sana, sai ni raia wa kule, kazi yake ni ya kompyuta. Amepata kazi kwa kontrakta wa serikali yao, mshahara ni wa kumaliza shida zetu zote mpaka za jirani, lakini kazi yenyewe ni ya masharti, lazima kwanza apewe kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali, ile ngazi wanaita Secret. Ametumiwa fomu inaitwa SF-86. Wiki hii yote simu haitulii: anataka majina yetu kamili, tarehe za kuzaliwa, tunaishi wapi, tumeajiriwa na nani, mara ya mwisho kuongea ilikuwa lini, na tunaongeanga kwa njia gani, simu ama WhatsApp ama uso kwa uso.

Sasa shida yetu. Mzee alistaafu kutoka polisi wa utawala na mpaka leo anakula pensheni ya serikali. Mimi ni karani kwa kaunti, upande wa mapato. Binamu yetu, mtoto wa mama mkubwa ambaye tumelelewa naye nyumba moja, yuko jeshi letu la KDF na ameshaenda Somalia. Halafu kuna ile familia ya pili ya mzee huko Machakos, hao hatuongei nao sana, mama hata hataki majina yao yatajwe kwa hii nyumba. Na kaka ana ploti Joska, ana hisa kwa sako, na kila mwezi anamtumia mama pesa ya dawa ya presha.

Mjomba amesema kaka aandike alizaliwa peke yake na wazazi ni marehemu, maneno yaishe. Mwingine anasema mimi niache kazi kaunti. Shangazi naye anataka kaka akate mawasiliano na sisi mpaka apate hiyo karatasi. Nauliza kwa ukweli, hawa watu wanamnyima mtu kazi juu ako na ndugu Kenya? Na watatupigia simu?

Mlevi_wa_Chai

Yaani mjomba anazika dada yake mwenyewe kwa fomu na huyo dada yuko jikoni anapika chapati 😂😂 halafu huyo marehemu anaendelea kupokea M-Pesa kila mwisho wa mwezi, wachunguzi wapate mzimu uko na laini ya Safaricom na imesajiliwa.

Utani kando, ngoja walio huko waamke, sai kwao ni usiku.

mzee_wa_silver_spring

Nimeamka, chai iko mkononi, wacha niandike, na itakuwa ndefu kwa hivyo anayetaka fupi apite. Hii fomu nimeijaza, na nikaijaza tena wakati wa kibali kufanywa upya, na mke wangu pia ameijaza, yeye wa Murang'a mimi wa Nyeri, ndugu zetu karibu wote wako Kenya, na tunafanya kazi mpaka leo.

Kwanza mjomba anyamaze. Kudanganya kwa SF-86 ni kosa la jinai, sheria yao inafika miaka 5 jela, na hata usipofungwa hicho kibali usahau, juu hapo umetoka kwa shida ya familia, ambayo inaelezeka, umeingia kwa shida ya uaminifu wako mwenyewe ambayo hakuna maelezo. Na usidhani hawatajua. Kaka yako alipoomba viza aliandika wazazi, alipoomba uraia akaandika mengine, na hizo karatasi hazikutupwa. Kuna watu hapa hawakuwa na shida yoyote ya ndugu, shida yao ilikuwa mtoto hakuandikwa wakati wa lotari ya grini kadi halafu akatokea kwa SF-86 akiwa na miaka kumi na kitu, sasa unaulizwa ni fomu gani ilikuwa inadanganya, hii ama ile.

Swali lako lenyewe: hapana, hawamnyimi mtu kwa sababu tu ndugu zake wako Kenya. Mwongozo wanaotumia unaitwa SEAD 4, ulianza kufanya kazi Juni 2017, una vipengele 13 kutoka A mpaka M. Madeni yana kipengele chake, pombe, dawa za kulevya, rekodi ya polisi, kila kitu. (Na madeni ndio yanaangusha watu wengi kuliko ndugu, mwulize kaka yako kadi zake za benki ziko aje kabla mhangaike na binamu.) Hii yenu ni B, ushawishi wa nchi za nje. Ukiisoma pole pole haisemi kuwa na ndugu nje ni ubaya. Inauliza kama hao ndugu wanaweza kutumiwa kumbana huyu mtu, ama kumvuta.

Wacha niiweke ki-Nairobi. Siku moja mkubwa fulani anakuita ofisini pale kaunti, anafunga mlango, anakwambia tumeskia kaka yako anashika kompyuta za jeshi la Marekani, mwambie atupatie kitu kidogo tu, la sivyo hiyo kazi yako tutaona, na hata pensheni ya mzee inaweza ikapotea kwa sistimu na itafutwe miaka miwili. Wewe utampigia kaka usiku ukilia. Kaka atafanya nini? Hapo ndipo kipengele B kinaishi. Hawasemi wewe ni mtu mbaya, hata hawakujui, wanajiuliza yeye akibanwa kupitia kwako atainama upande gani. Na upande mwingine kuna kuvutwa kwa upole, hakuna anayetisha mtu, ni vile tu unapenda kwenu sana mpaka ukiambiwa kitu kidogo kitasaidia nchi unaona si vibaya.

Kwa hivyo wanaangalia ndugu ni nani. Karani wa mapato na askari mstaafu si sawa na mtu wa NIS, wale wa ujasusi, ama jenerali, hiyo mtu yeyote anaona. Lakini msianze kujidanganya ati pensheni si kitu, fomu inauliza wazi kama ndugu ana uhusiano wowote na serikali, jeshi, usalama ama ujasusi wa nchi ya nje, na kwenu jibu ni ndiyo, kwa mzee na kwa wewe. Aandike ndiyo, aweke cheo, aweke mzee alistaafu lini, aendelee na maisha.

Wanaangalia na nchi pia. Ndugu akiwa China ama Urusi ama Iran mzigo wa kujieleza ni mzito kweli kweli. Kenya haiko huko. Tangu Juni 2024 Marekani imeiweka Kenya kwa orodha ya washirika wakuu nje ya NATO, na wanajeshi wao wako Manda Bay Lamu. Lakini hiyo peke yake haimalizi maneno. Moja, ugaidi: ubalozi 1998, Westgate 2013, Garissa 2015, Dusit 2019, na hiyo hiyo Manda Bay ilivamiwa Januari 2020 Wamarekani 3 wakafa. Mchunguzi anayajua haya yote kuliko wewe. Mbili, hata rafiki hupeleleza rafiki. Jonathan Pollard alikuwa mchambuzi kwa jeshi lao la wanamaji, akakamatwa 1985 akiwauzia Israel siri, na Israel ni rafiki wa Marekani kuliko sisi tutakavyowahi kuwa, akafungwa maisha na kutoka akatoka 2015.

Halafu sasa, na hapa ndipo watu wetu huwa wanalala, wanaangalia upande wa pili: huyu mtu amejenga maisha yake wapi? Kaka yako akiwa na bibi na watoto Virginia, nyumba analipia, akiba ya uzeeni iko huko, anapiga kura huko, marafiki wako huko, ameishi huko miaka na miaka, hiyo inapimwa dhidi ya ploti ya Joska. Na ploti ya 50 kwa 100 haitamnyima mtu kibali jamani, ila aiandike. Ardhi, akaunti ya benki, hisa za sako, chama kama kinaweka pesa mahali, zote ziko kwa sehemu ya 20 ya fomu na anaulizwa thamani. Pesa ya dawa ya mama pia inaulizwa, wanataka kujua kama umewahi kumsaidia raia wa nje kifedha. Hakuna Mkenya wa huku anaweza kusema hapana kwa hilo swali bila kucheka. Pia wanauliza kama umewahi kupiga kura nchi ya nje, kwa hivyo kama alipanga laini Buruburu 2007 aseme alipanga.

Binamu wa KDF haingii kwa orodha ya ndugu, hiyo sehemu ya 18 ni ya wazazi, watoto, ndugu na wakwe. Anaingia sehemu ya 19, watu wa nje ambao umekuwa na ukaribu nao ndani ya miaka 7, kwa mapenzi ama kwa wajibu. Mliolelewa nyumba moja, bado mnasalimiana? Aandikwe. Na familia ya Machakos inaingia 18 yote, ndugu wa baba mmoja na mama wa kambo, hata kama hamuongei. Tena kutoongea kunamsaidia, maana anaandika mara ya mwisho ilikuwa mwaka fulani kwa matanga na basi. Mama asionyeshwe tu hiyo ukurasa.

Kupigiwa simu, kwa kawaida hapana. Kwa ngazi ya Secret wanaangalia zaidi rekodi, wakiwa na swali wanaongea na yeye mwenyewe, na ikibidi na majirani wake na wakubwa wake wa kazi huku. Ndugu walio nje anaulizwa yeye juu yao.

kamkunji_hadi_juu

mimi hii kitu naona ni ubaguzi tu wamevalisha suti, mtu amelipa kodi miaka yote hiyo ameapa bendera mpaka ameimba wimbo wa taifa wao halafu anaambiwa mamake ni hatari kwa usalama, mamake ambaye hajui hata kufungua simu bila kuita mjukuu. mzungu wa huko ambaye shangazi yake ako Ireland anaulizwa hivyo pia?

WakiliWaKibanda

Anaulizwa, fomu ni hiyo hiyo moja. Akiwa na shangazi Ireland na wako karibu anamweka sehemu ya 19. Kama mizani inamlalia mtu mmoja kuliko mwingine hilo ni swali la haki na lina mjadala wake, lakini kisheria msimamo wao ulishawekwa na Mahakama ya Juu yao mwaka 1988, kesi ya Egan, kwamba hakuna mtu aliye na haki ya kupewa kibali, na wakiwa na shaka basi shaka inaegemea usalama wa nchi. Yaani kinyume cha kesi ya jinai. Kule shaka inakuokoa, hapa shaka inakumaliza. Ndiyo maana karatasi ziwe safi.

Na kabla hatujawarushia mawe, fungua Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 78. Afisa wa serikali, wale wa ngazi za juu, na mwanajeshi wa KDF, hawaruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili. Tuna majina ya watu walioteuliwa hapa wakaanza kukimbia ubalozini kurudisha pasipoti. Kwa hivyo sisi pia tuna hiyo wasiwasi, tofauti ni sisi tunauliza pasipoti yako, wao wanauliza mpaka mpishi wa chapati.

Na wao kwa pasipoti siku hizi wamelegeza. Kuwa na uraia wa Kenya pamoja na wa Marekani peke yake si sababu ya kunyimwa. Kuficha hiyo pasipoti ya Kenya ndiyo sababu, ama kuingia na kutoka Marekani ukitumia ya Kenya badala ya yao.

Dada, kama itafika pabaya, hawamwambii tu hapana na kufunga mlango. Wanamtumia barua yenye sababu, imeandikwa kipengele gani na ndugu gani, na ana siku 20 za kujibu. Kwa wafanyakazi wa makontrakta kuna ofisi inaitwa DOHA, anaweza kuomba kusikilizwa na jaji, aende na wakili na mashahidi. Maamuzi yao huwekwa kwa intaneti majina yakiwa yamefichwa, mtu akiwa na usiku mrefu asome, ni elimu. Utaona jaji anaandika karibu kila mara kwamba mawasiliano na mzazi ama ndugu wa damu hayachukuliwi kuwa ya juu juu, mpaka uonyeshe vingine. Kwa hivyo ile ya shangazi ya kukata simu haisaidii. Mtu hampigii mamake miezi mitatu ndiyo ajaze fomu, halafu akishapewa anaanza kupiga tena? Huyo mchunguzi hakuzaliwa jana.

mtu_wa_eastleigh

Nyinyi wa Kenya tupu mnalia? Ngojeni sisi. Mtoto wa ami yangu yuko Minneapolis, amezaliwa Garissa, mamake amezaliwa Kismayu, nusu ya ndugu zake wako Nairobi hapa Sekshen Two na nusu wako Somalia, mmoja alikuwa anafanya kazi wizara fulani Mogadishu. Alipofika kwa tarehe za kuzaliwa ikawa vichekesho, kwetu wazee wote wamezaliwa Januari mosi. Ukiangalia hiyo orodha ni kama hospitali moja ilikuwa inafunguliwa siku moja kwa mwaka.

Yeye alipata hiyo barua ya sababu. Kenya waliitaja mstari mmoja, Somalia ikajaza ukurasa mzima. Na si kwamba walimwambia ndugu zako ni Al-Shabaab, hapana, walisema mahali hapo Al-Shabaab wanaweza kumteka ndugu yako na wewe ukapigiwa simu, na hata serikali ikitaka kukulinda haina mkono huko. Mimi nilikasirika nikisoma, lakini ukweli ni ukweli, familia zetu zimewahi kupigiwa simu za namna hiyo bila hata kibali chochote, mtu anaitishwa pesa tu kwa sababu ana duka.

Alijibu. Alipeleka rekodi za hawala za miaka yote, ametuma kwa nani, ngapi, ya nini, ada ya shule ama kodi ya nyumba. Alisema wazi huyo wa wizara ni nani na mara ya mwisho kuonana. Alileta mkubwa wake wa kazi, na imamu, na jirani mzungu ambaye wamekaa naye mlango kwa mlango. Jaji akamkubalia. Lakini ilichukua muda mrefu sana hata ile kazi ilikuwa imepewa mtu mwingine, ndiyo sehemu hawakwambii. Sasa ana kibali cha kazi ambayo haiko, anatafuta nyingine.

Na kuhusu kuulizwa ndugu zako ni nani, mimi niliulizwa hapa hapa Kenya nikitafuta kitambulisho. Tuliitwa mbele ya wazee, taja babu, taja babu wa babu, leta pasipoti ya mzazi, rudi wiki ijayo, mpaka 2025 rais alipotangaza hiyo vetingi ya watu wa mpakani imeisha. Kwa hivyo mimi SF-86 hainishtui. Angalau ile unajaza ukiwa umekaa kwa kiti.

DadaWaDonholm

Asanteni sana, nimesoma yote na mama amekaa hapa kando yangu (ile ya Machakos nimeruka 😅). @mtu_wa_eastleigh pole kwa binamu yako na asante kwa ile ya rekodi, kaka ameanza kutoa stetimenti zake.

Maswali mawili bado. Hii kazi yangu ya kaunti, nikiiacha inamsaidia ama haimsaidii? Na ya pili ni aibu kidogo. Mama ameshatangaza kanisani. Jumapili iliyopita alisimama wakati wa shukrani akasema Mungu ameona, mtoto wake sasa anafanya kazi ya siri ya Marekani, pasta akaombea, na kuna mtu ameweka kwa grupu ya jumuiya na picha ya kaka amevaa suti. Watu wameanza kunitumia barua za kazi ati kaka awaingize.

Mlevi_wa_Chai

kazi ya siri imetangazwa kwa spika na mama 🤣 nimekufa

BiMwanaSouthB

Mwanangu, mama asilaumiwe, furaha ya mzazi haina kifuniko. Lakini mwambie leo hii, tena kwa upole, hiyo picha itolewe na yule aliyeiweka aambiwe kwa heshima. Si kwa ajili ya Wamarekani peke yao. Mji huu ukishajua mna mtu wenu kwenye kazi nono, watakuja wa kila namna. Kuna mama mmoja hapa mtaani, mwanawe alikuwa anasubiri karatasi za huko huko, akapigiwa simu na mtu mwenye Kiingereza cha puani, akasema yuko ubalozini Gigiri, faili ya mtoto imekwama, atume elfu thelathini kwa M-Pesa faili isonge. Akatuma. Kesho yake wakataka arobaini.

Basi hilo mlijue nyumba nzima, mpaka mdogo wa mwisho. Kibali hakinunuliwi, nduguyo hakiombi mwenyewe, kazi ndiyo inayomwombea, na hakuna shilingi inayotoka mfukoni mwake wala mwenu. Anayepiga simu kuitisha pesa ni mwizi, hata akijua jina la babu yenu. Na kwa vile mama ameshasimama kanisani, jina la babu sasa wanalijua wengi.

Na wale wanaouliza uliza kaka anashika nini huko, ofisi gani, mradi gani, jibu ni moja: ya kompyuta. Wewe mwenyewe usimuulize zaidi. Ukiwa hujui, huna cha kuvuja.

mzee_wa_silver_spring

Bi Mwana amemaliza ya mama. Ya kazi yako: usiiache, tafadhali. Hebu fikiria vile itaonekana. Leo wewe ni karani mwenye mshahara wako, unajitegemea, kaka hakutumii kitu. Ukiacha unakuwa dada asiye na kazi Donholm anayelishwa kutoka Virginia, sasa kamba kati yenu imekuwa nene zaidi na ndiyo wanaiogopa. Ndugu anayejisimamia ana uzito mdogo kwa hiyo fomu kuliko ndugu anayemngoja. Mzee na pensheni yake hivyo hivyo, hiyo pensheni inamaanisha hategemei mtoto. Tena akieleza aeleze hivyo, kwamba mama anapewa ya dawa tu, kiasi fulani, na nyumba ina mishahara yake.

Kitu kingine ambacho hamjauliza. Akishapata si mwisho. Siku hizi wanamfuatilia mtu muda wote kwa kompyuta, hawangoji miaka ipite kama zamani. Akitaka kuja Krismasi lazima aripoti safari kabla hajatoka, wapi na wapi atapita, na mtu mpya wa nje akiingia kwa maisha yake kwa karibu anaripoti pia. Kwa hivyo zile safari za kushtukiza mama akiwa mgonjwa, apigie ofisi yake ya usalama kwanza hata kama ni usiku. Wewe ukimpigia mwambie ukweli wa hali ilivyo, usimfiche ati asishtuke, anahitaji kujua mapema ndiyo aripoti mapema.

Na yule binamu wa KDF, akija kuhamishwa kwa kitu cha ujasusi wa kijeshi ama akapanda cheo kikubwa, mmjulishe kaka. Si kwamba mumtaje kazi zake, cheo tu na kwamba amehama. Hali ya ndugu ikibadilika inabadilisha picha.

kamkunji_hadi_juu

sawa nimeelewa lakini bado naona huyo msee anaolewa na serikali, anaripoti mpaka akienda kwao

WakiliWaKibanda

@kamkunji na mahari wanalipa kwa dola, wacha wivu.

DadaWaDonholm

Sawa nimewapata. Kazi siachi. Mjomba ameambiwa, amenuna, anasema sisi ndio tutajua. Picha imetolewa kwa grupu, ingawa mama amesema ameitoa "kwa muda". Mzee mwenyewe ndiye amenishangaza, alienda chumbani akatoka na faili ya kazi, barua ya kuajiriwa, barua ya kustaafu, namba ya kazi, kila kitu kimepangwa, akasema angeulizwa yeye mapema hata hangeacha tupige kelele, hata wakati wake kuingia polisi aliulizwa ukoo mzima na chifu akaitwa. Halafu akaandika mwenyewe majina ya Machakos kwa karatasi, yote, bila kuulizwa, akanipa niipige picha nimtumie kaka. Mama aliona, akanyamaza, akarudi jikoni.

Kimebaki kimoja tu: huyo mdogo wa Machakos mzee anakumbuka mwaka lakini hajui tarehe wala mwezi, na hatuwezi kupiga simu huko kuuliza sai, mambo bado ni moto. Kaka aache wazi?

mzee_wa_silver_spring

Asiache wazi na asibuni. Kando ya tarehe kuna kisanduku cha makadirio, aweke mwaka na mwezi wa kukisia halafu aweke tiki hapo. Anwani kama hajui kuna kisanduku cha sijui. Chini kuna nafasi ya maelezo, aandike mistari miwili: ndugu wa baba mmoja, hatukulelewa pamoja, taarifa nimepewa na baba. Mchunguzi akimuuliza kwa intavyuu aseme hivyo hivyo alivyoandika. Na hiyo SF-86 aihifadhi nakala, juu siku ya kufanywa upya hatakumbuka aliweka mwezi gani.

mtu_wa_eastleigh

Aweke Januari mosi, atakuwa ndugu yetu.